Kusahihisha mtihani ambao haujafanywa

Hapana mwalimu mwenye akili timamu atakayetwaa kalamu nyekundu na kumpa mwanafunzi alama siku anayofungua sanduku lake bwenini, kabla hajaketi darasani wala kusikia somo hata moja. Mwalimu wa namna hiyo angeitwa mbele ya halmashauri ya shule akajieleze. Walakini jambo hili, ambalo kwetu lingekuwa kioja, hufanywa nchini Marekani kila mwaka mwishoni mwa Aprili, tena hadharani, na watu wanaolipwa mshahara kulifanya. Matokeo yake husomwa na mamilioni ya watu, wakiwemo siku hizi baadhi ya vijana wetu ambao wameuzoea mchezo huo kupitia simu na televisheni.

Tunazungumzia kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, ambao mpira wake una umbo la yai na aghalabu hushikwa kwa mkono kuliko kupigwa kwa mguu. Ligi yake ya kulipwa, NFL, ina timu 32. Tangu mwaka wa 1936 timu za ligi hiyo hazigombanii ovyo vijana wanaohitimu vyuo vikuu. Hupokezana zamu, aliyeshika mkia msimu uliopita akichagua wa kwanza na bingwa akichagua wa mwisho, kwa raundi saba, hadi vijana zaidi ya 250 wapate pa kwenda. Zamu yenyewe ni mali. Timu yaweza kuiuza kwa nyingine na kulipwa zamu za nyuma zaidi. Nia ya mpango huu ilikuwa njema, yaani kuwazuia matajiri wasijichukulie kila mwenye kipaji, na hatuna ugomvi nao.

Ugomvi wetu ni na asubuhi ya kesho yake. Kabla ya kijana hata mmoja kufanya zoezi la kwanza na timu yake mpya, magazeti na vituo vya televisheni huwa vimekwisha kuzipanga timu zote 32 na kuzipa herufi, kuanzia A hadi F. Herufi F, kwa asiyejua, ndiyo ya kuanguka kabisa katika shule za huko. Sisi tulitosheka na E.

Hebu tuutazame mfano mmoja kwa makini, maana mambo haya hayaeleweki kwa kutajwa juu juu. Mnamo Aprili 2012 timu ya Seattle Seahawks, iliyokuwa imeshinda mechi 7 na kushindwa 9 msimu uliotangulia, iliteua vijana 10. Kocha wake alikuwa Pete Carroll, na meneja mkuu alikuwa John Schneider. Katika zamu ya 15 walimchukua Bruce Irvin wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kijana mwepesi ambaye kazi yake ni kumkimbiza na kumwangusha mrushaji wa timu pinzani kabla hajauachilia mpira. Katika zamu ya 47 walimchukua Bobby Wagner, mlinzi wa safu ya kati kutoka Utah State, chuo kisichotajwa sana, ambaye hata majaribio ya kitaifa hakuyahudhuria kwa sababu alikuwa mgonjwa wa nimonia. Katika zamu ya 75 walimteua Russell Wilson wa Wisconsin, mrushaji mkuu, yaani yule anayeongoza mashambulizi na ambaye kila mchezo huanzia mikononi mwake. Kimo chake hakikutimia futi 6.

Wachambuzi walicheka. Wapo waliowapa Seattle F bila kuuma maneno. Hoja zao, tukiwatendea haki, hazikuwa za kipumbavu. Irvin, walisema, angeweza kungojewa hadi raundi ya pili, kwa hivyo kumchukua mapema vile kulikuwa kuitupa zamu. Wagner hakuwa na jina. Na Wilson alikuwa mfupi mno, mrushaji anayehitaji kuona juu ya mabega ya majitu yanayomlinda. Fauka ya hayo, wiki chache tu kabla ya hapo timu hiyo hiyo ilikuwa imemsajili mrushaji mwingine, Matt Flynn. Ya nini kununua jembe la pili kabla la kwanza halijagusa udongo?

Ilipofika Agosti, Carroll, ambaye alikuwa ameahidi kuwashindanisha warushaji wake bila kujali mshahara wala sifa, alimpa Wilson nafasi ya kuanza. Kijana huyo alirusha pasi 26 zilizozaa mabao katika msimu wake wa kwanza, akaifikia rekodi ya wageni wa ligi iliyokuwa imewekwa na Peyton Manning mwaka wa 1998. Wagner alikuwa nguzo ya ulinzi tangu mechi ya kwanza, na miaka iliyofuata akahesabiwa tena na tena miongoni mwa walinzi bora kabisa wa ligi. Seattle walimaliza msimu wa 2012 wakiwa na ushindi mara 11. Tarehe 2 Februari 2014 walitwaa ubingwa, yaani Super Bowl, kwa kuwalaza Denver Broncos 43–8. Mrushaji wa Denver siku hiyo alikuwa Peyton Manning mwenyewe.

Hapo ndipo wengi humaliza hadithi hii, wakawazomea wachambuzi na kwenda zao. Tungefanya hivyo nasi tungekuwa tumetenda kosa lile lile la haraka. Maana kwa habari ya Irvin, wakosoaji walikuwa na haki kwa kiasi kikubwa. Seattle walikuwa na zamu ya 12, wakaiuza kwa Philadelphia Eagles na kupewa zamu za 15, 114 na 172. Philadelphia waliitumia ile ya 12 kumchukua Fletcher Cox, mlinzi wa mbele aliyewatumikia kwa misimu 12 na kutwaa ubingwa pamoja nao Februari 2018. Seattle walipata Irvin, ambaye alikuwa mchezaji mzuri lakini aliondoka baada ya misimu minne; walipata Jeremy Lane, aliyekuwa wa msaada; na walimpata Jaye Howard, ambaye walimwacha baada ya mwaka mmoja tu, akaokotwa na Kansas City Chiefs na huko akageuka kuwa mchezaji wa kutegemewa. Kwa hivyo hata waliomchagua hawakujua walichokuwa nacho. Ukiupima uteuzi huo kwa bei iliyolipwa, sehemu hii ya karatasi haistahili alama ya juu.

Zamu ya 154 nayo ina kisa chake. Mwaka wa 2011 Seattle waliitumia zamu ya namba hiyo kumchukua Richard Sherman, ambaye alikuja kuwa mmoja wa walinzi mashuhuri wa pembeni katika kizazi chake. Mwaka wa 2012 walikuwa na zamu ya namba ile ile, waliyoipata walipobadilishana na New York Jets, wakamchukua Korey Toomer. Walioketi mezani walikuwa wale wale, na namba ilikuwa ile ile. Toomer hakupata makao Seattle, akalazimika kutafuta riziki katika timu nyingine. Na uteuzi wa 2013, uliofanywa na Carroll na Schneider hao hao, wakiwa sasa wanasifiwa kote kuwa wana jicho la mwewe, haukumleta hata mchezaji mmoja wa kufikia hadhi ya Wagner. Tukisema kwamba walikuwa na siri ya uteuzi, basi siri hiyo iliwapotea kwa muda wa miezi kumi na miwili.

Sasa basi, herufi ya asubuhi ile hupima nini? Jawabu letu ni kwamba hupima umbali uliopo kati ya timu na maoni ya wachambuzi. Miezi kadhaa kabla ya uteuzi, wachambuzi hawa huchapisha orodha zao za vijana bora, wa kwanza hadi wa mia tatu. Timu ikimchukua aliye wa 20 katika zamu ya 40, huambiwa imeokota dhahabu. Ikimchukua aliye wa 60 katika zamu ya 15, huambiwa imepotea. Kwa maneno mengine, mwongozo wa kusahihishia umetungwa na msahihishaji, naye hujisahihishia utabiri wake mwenyewe. Mtahiniwa hayumo. Walimu wataelewa mara moja kasoro iliyopo hapa, kwa kuwa wao hutofautisha mtihani unaopima alichojifunza mwanafunzi na mtihani unaopima kama mwanafunzi amewaza kama mtungaji.

Si kwamba vijana hawa hawapimwi. Hupimwa hadi ikawa karaha. Kila mwaka zaidi ya mia tatu huitwa kwenye majaribio huko Indianapolis. Huko hutakiwa kukimbia yadi 40, saa ikisoma hata sehemu ya mia ya sekunde, kuruka wima, na kusukuma chuma cha ratili 225, ambazo ni karibu kilo 102, mara nyingi kadiri mtu awezavyo. Urefu wa viganja vyao hupimwa. Kwa miaka mingi walifanyishwa hata jaribio la akili liitwalo Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, hadi ligi ilipoliondoa katika majaribio hayo mwaka wa 2022. Vipimo hivi si vya bure. Mtu mzito asiyeweza kukimbia atajulikana mapema. Walakini havikuonyesha kile kilichomtofautisha Wilson na warushaji watano walioteuliwa kabla yake, na kwa Wagner havikuwepo kabisa siku ya majaribio, maana alikuwa kitandani.

Wapo wasomi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambao waliuchunguza uteuzi huu kwa hesabu na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2013. Thaler ndiye aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2017. Waliuliza swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeliuliza: mchezaji aliyeteuliwa mapema, akilinganishwa na yule anayemfuata katika nafasi ile ile ya uwanjani, huwa bora mara ngapi? Waligundua kwamba ni mara 52 kwa kila 100. Arushaye sarafu hewani hupata 50. Mtu anayejua kwamba maarifa yake yamemzidi mrusha sarafu kwa mara mbili tu katika mia hana budi kuwa mnyenyekevu kidogo anapotoa F.

Pengine msomaji atasema kwamba huu ni mchezo tu, na herufi hizo ni maneno ya kuuzia magazeti. Hatukubaliani naye. Herufi ya mchambuzi huenda ikasahauliwa, lakini namba ya uteuzi haisahauliwi, na namba ndiyo hutangulia mbele ya kijana kila aendako. Tangu makubaliano ya kazi ya mwaka wa 2011, mshahara wa mchezaji mpya hufuata namba aliyochukuliwa. Andrew Luck, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka wa 2012 na Indianapolis Colts, alitia sahihi mkataba wa miaka minne wa takriban dola milioni 22. Wilson, wa 75, alitia sahihi wa miaka hiyo hiyo kwa takriban dola milioni 3. Wakati Wilson akiinua kombe la ubingwa, alikuwa akilipwa kwa mujibu wa karatasi iliyoandikwa kabla hajarusha mpira.

Nalo suala la fedha si zito kama suala la nafasi. Mwaka wa 1995 watafiti wawili, Barry Staw na Ha Hoang, walichapisha uchunguzi juu ya wachezaji wa ligi ya mpira wa vikapu ya NBA, ambayo nayo huteua vijana kwa zamu. Waliona kwamba walioteuliwa mapema walipewa dakika nyingi zaidi uwanjani na kuvumiliwa kwa miaka mingi zaidi kuliko walioteuliwa baadaye, hata pale mchezo wao ulipokuwa sawa. Hebu lisome tena jambo hilo. Timu iliyolipa ghali haitaki kukiri kwamba ilikosea, hivyo humpa kijana wake nafasi ya pili, ya tatu na ya nne. Yule wa raundi ya saba hupewa nafasi moja, na akijikwaa siku hiyo hufungiwa mlango. Baada ya miaka michache mtu huja na takwimu akasema: tazameni, wa mwanzo wamedumu, wa mwisho wamepotea, kumbe uteuzi ulikuwa sahihi! Hivyo ndivyo alama hujithibitisha yenyewe. Mwandishi huyu amewahi kufundisha, na anakiri kwamba amewahi kumpita mwanafunzi wa benchi la nyuma kwa muhula mzima bila kumuuliza swali, kwa sababu tu ya alama alizokuja nazo kutoka shule ya msingi.

Ndiyo maana tunaona kwamba tendo kubwa la Carroll mwaka ule halikuwa lile la Aprili. Lilikuwa la Agosti. Kumchukua Wilson katika zamu ya 75 kulikuwa bahati iliyochanganyika na maarifa. Kumruhusu amshinde Flynn, ambaye mkataba wake ulikuwa mnono kuliko wa Wilson, kulikuwa uamuzi wa mtu aliyekuwa tayari kuidharau namba. Vivyo hivyo kwa J.R. Sweezy, wa zamu ya 225. Chuoni alikuwa mlinzi. Seattle walimhamisha akawa upande wa mashambulizi, kazi ambayo hakuwa ameizoea, wakamfundisha kwa subira, na katika fainali ile ya 2014 alikuwa miongoni mwa walioanza. Mchambuzi gani angelitia hilo katika herufi yake? Somo lenyewe lilikuwa bado halijafundishwa.

Upande wa pili wa shilingi ni Washington. Mwaka huo huo wa 2012 timu ya mji huo ililipa zamu tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili ili imchukue Robert Griffin III katika zamu ya pili, na alikuwa mchezaji wa ajabu kweli kweli. Alitajwa mshambuliaji bora miongoni mwa wageni wa mwaka ule. Januari 2013 aliumia goti katika mechi ya mtoano, dhidi ya Seattle hao hao, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Je, walioupa uteuzi wake alama ya juu walikosea? Hawakukosea juu ya kipaji chake. Lakini katika raundi ya nne, zamu ya 102, Washington walikuwa wamemchukua mrushaji wa pili, Kirk Cousins, na wengi wakashangaa upotevu huo. Cousins alikuja kuwa mrushaji wao wa kuanza, na akaendelea kuongoza timu za NFL miaka mingi baada ya Griffin kutoweka uwanjani.

Kwa kijana wa Kiafrika aendaye kusoma Marekani, mambo haya si ya mbali. Ezekiel Ansah alitoka Ghana akaingia Chuo Kikuu cha Brigham Young, akajaribu mpira wa vikapu na riadha, na hakuwa ameucheza mchezo huu wa kofia ngumu hata siku moja kabla ya mwaka wa 2010. Mwaka wa 2013 Detroit Lions walimteua wa tano katika nchi nzima. Mwaka huo huo wa 2013 Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kupitia uteuzi wala chuo chochote cha huko, na akafika kuvaa jezi yao katika mechi za ligi. Hakudumu kama Ansah. Walakini hakuna orodha ya mchambuzi iliyokuwa na nafasi ya kuandika jina la yeyote kati yao miaka mitatu kabla ya hapo.

Hatusemi kwamba timu zisihukumiwe. Yapo maswali ya haki ambayo mtu aweza kuyauliza asubuhi ile ile. Timu ilikuwa na upungufu gani, na je, imeuziba? Ilitoa nini ili isogee mbele, na je, bei hiyo ni ya busara ikikumbukwa kwamba mara 48 katika mia yule anayefuata hangekuwa duni? Nani atawafundisha vijana hawa, na je, ana historia ya kuwapa nafasi wa raundi za mwisho? Katika swali la kwanza na la mwisho Seattle wa 2012 wangefanya vyema. Katika la pili, kwa habari ya ile zamu ya 12, wangeanguka. Maswali ya namna hii hayatoi herufi moja, na pengine ndiyo sababu hayapendwi.

Kuhusu wachezaji wenyewe, miaka mitatu ndiyo muda mfupi kabisa. Tungependa kuona wahariri wa michezo wa huko wakifanya jambo moja dogo lisilo na gharama: kila Aprili, wanapochapisha alama za timu 32 kwa vijana wapya, wachapishe katika ukurasa unaoelekea, bila kubadilisha hata nukta, alama zile zile walizozitoa miaka mitatu nyuma, pamoja na majina ya walioziandika.